Mnazi Usiopakwa Chokaa

Shangazi yangu hunywa kahawa kwa kashata. Miaka yote aliyokaa Dubai hajakubali tende ziingie sebuleni kwake. Tende, husema, ni za wenyeji, na yeye ni mgeni. Huyo ni mtu aliyekuja Satwa akiwa bibi harusi, akazaa hapo, akamzika mumewe kwenye makaburi ya upande wa Muhaisnah, na sasa anakaa juu ya duka la fundi cherehani ambaye wanagombania ngazi tangu nilipoanza kumjua. Lakini mwulize kwao ni wapi. Atakutajia kijiji cha pwani ya Kenya ambacho hata simu yangu haikijui, kwa sababu kilichobaki pale ni uzio wa waya na vigingi vya saruji.

Mimi nililetwa na ajenti, kwa mkataba, na nimebaki kwa mikataba. Ni msimamizi wa wasafisha vyumba katika hoteli moja Al Barsha. Kazi yangu ni kuingia chumba ambacho mwenzangu ameshakisafisha na kutafuta unywele aliousahau. Siku yangu ya mapumziko ni Jumapili, na karibu kila Jumapili nilikuwa nikipanda basi kwenda Satwa kula wali wa nazi, kuambiwa kwamba nimekonda, na kusimuliwa tamthilia ya Kituruki ambayo Shangazi anaifuata ingawa hasomi maandishi yanayopita chini. Maneno yakimpita huyatunga mwenyewe. Mara nyingi ya kwake ni mazuri zaidi.

Mwaka ninaousimulia magoti yangu yalikuwa yameanza kulalamika, nami nilitaka kurudi nyumbani. Nalisema neno hili waziwazi kwa sababu huku watu hulisema kwa utani, "nikirudi, nikirudi," mpaka limekuwa kama salamu. Mimi nilimaanisha. Mama yangu alikuwa akikaa chumba cha uani kwa ndugu yangu, na nyumba niliyokuwa nikimjengea ilifika linta, juu ya madirisha, ikasimama. Nilijua kilichobaki: paa, milango, choo cha ndani cha kukaa kwa ajili ya mama anayepata taabu kuchuchumaa, na chumba kimoja cha pembeni chenye dirisha la mashariki. Hicho ni changu. Nilichokosa ni fungu moja la pesa lije kwa mpigo, si hizi za kudondoka kila mwisho wa mwezi na kuishia kwenye karo za watoto wa watu.

Basi fungu likajitokeza. Mtoto wa ami yangu, ambaye sote tunamwita Kaka kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, aliandika kwenye kundi la ukoo kwamba Serikali imekubali. Kesi ya shamba letu ilikuwa imerithishwa kama ugonjwa wa familia, kutoka kwa babu hadi kwa baba zetu hadi kwetu. Sasa palikuwa na watu wenye mtaji waliolitaka eneo lile bila makelele, kwa hiyo Serikali ilikuwa tayari kutoa kifuta jasho. Sharti lilikuwa moja: warithi wote watie sahihi kwamba madai yamekwisha. Akikosekana mmoja, hapati mtu. Na wawili kati ya warithi hao walikuwa Dubai, Shangazi na mimi niliyesimama mahali pa marehemu baba yangu.

Niliusoma ujumbe huo ndani ya lifti ya wafanyakazi, nimekumbatia rundo la taulo, nikacheka peke yangu. Nililiona lile dirisha.

Jumapili iliyofuata nilimsomea Shangazi ujumbe wote. Alisikiliza mpaka mwisho, akamimina kahawa.

"Mimi siweki kidole," akasema. "Chukua kashata."

Ili nieleweke, lazima nieleze habari ya miti. Kwetu mti ni mali na ardhi ni mali, na si lazima ziwe za mtu mmoja. Waweza kupanda mnazi wako kwenye shamba la jirani kwa idhini yake. Ardhi itabaki yake, mnazi utabaki wako, na yeye hataangua hata dafu moja ingawa kiu imemkaba. Waweza kuuza minazi yako yote asubuhi, na jioni ukalala kwenye ardhi ileile, yako vilevile. Na mwenye mti ana haki ya njia ya kuufikia, hata kama umesimama katikati ya shamba la adui yake. Hakuna aliyeyaandika haya. Yalijulikana kama inavyojulikana kwamba mlangoni kwa watu hupigwa hodi.

Babu yangu alikulia katika ujuzi huo. Kwa hiyo Serikali ilipomtuma bwana shamba, pamoja na vijana wenye ndoo ya chokaa, kuhesabu minazi yake na mikorosho yake na kukipaka kila kilichohesabiwa mkanda mweupe, na baadaye Babu akaitwa ofisini, akalipwa thamani ya miti na kuweka dole gumba, yeye aliona ni biashara. Serikali imenunua minazi. Labda inataka mbata, nazi kavu za kukamua mafuta. Hakuna aliyemtajia ardhi, kwa kuwa machoni pa ofisi ile hapakuwa na ardhi yake ya kutajwa. Hakuwa na hatimiliki, na asiye na hati amekaa tu juu ya ardhi ya Serikali.

Akarudi nyumbani akaingoja Serikali ije kuangua nazi zake. Hakugusa hata moja. Zilizoanguka zenyewe aliwaamuru watoto waziokote, naye akazipanga rundo kando ya njia ili wenye mali wasipate taabu watakapokuja. Bibi yangu, aliyezungukwa na minazi pande zote, akawa ananunua nazi sokoni za kupikia wali. Rundo likakua. Nazi za chini zikaanza kuchipua. Walipokuja hatimaye, walikuja na polisi na amri ya kuhama, na Babu, hivi ndivyo inavyosimuliwa kwetu na ndivyo ninavyoamini, akawaonyesha lile rundo.

"Nazi zenu hizo," akasema. "Mmechelewa sana."

Kwanza ilisemekana patajengwa maghala. Kisha ikasemekana kiwanja cha ndege. Kisha hakuna aliyesema tena. Uzio ulibaki, sisi tukabaki nje yake tukiitwa maskwota, na kila mara wazee walipokwenda kudai, faili lilifunguliwa wakaonyeshwa dole gumba la Babu. Mlilipwa. Tulilipwa miti. Mlilipwa. Nimekua nikiyasikia mabishano hayo, na sijawahi kumsikia mtu wa upande wa pili akiuliza tuna maana gani.

Shangazi alikuwepo siku ya chokaa. Alikuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele. Katika ile minazi kulikuwa na mmoja uliopandwa siku kilipozikwa kitovu chake, kusini ya kisima, na tangu siku hiyo ukawa wake. Kijana mwenye ndoo alipoufikia, Babu alimzuia. "Huu usiupake. Si wangu huu, wa binti yangu." Bwana shamba alicheka, akasema mzee ana haki yake, wakauruka wakaendelea na mwingine.

"Nililia," Shangazi aliniambia Jumapili ile. "Miti yote imevaa mikanda, wangu uko uchi. Nililia mpaka baba akanizaba kofi."

Kwa hiyo mnazi ule haukuhesabiwa wala haukulipwa. Kwa hesabu ya Shangazi, Serikali imeweka waya kuizunguka mali ya mtu bila kumwuliza, na kwa maisha yake yote imemnyima njia.

"Na hiyo karatasi yataka niseme nini?" akaniuliza.

Nilikuwa nayo kwenye simu. Nikamwambia inasema marehemu Babu na watu wake walikuwa wakaaji tu katika ardhi ya Serikali, na kwamba sisi warithi hatutadai tena ardhi, jengo, kaburi wala mti.

"Baba yangu aliwapangia nazi zao," akasema. "Leo ati mvamizi."

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Nilimjua: humfokea fundi wa chini asubuhi, na jioni akampelekea kachori. Nikamwandikia Kaka asubiri kidogo.

Kaka hakusubiri. Aliitisha kikao cha simu, akamleta na wakili nyumbani kwake, ukoo mzima ukajazana nyuma yao kama picha ya harusi. Shangazi hapendi simu inayoonyesha uso. Alivaa buibui lake la kutokea, akajipaka na wanja, kisha akaishika simu kiasi kwamba walichokiona wao ni feni ya dari.

Wakili alikuwa mpole. "Mama, mwenye nguvu mpishe," alisema. "Hii si haki kamili, nakubali. Lakini ndiyo haki iliyopo."

"Wakili, mnazi wangu umo katika hesabu?"

"Mnazi gani, mama?"

Shangazi akamweleza, bila haraka, kuanzia kitovu. Nilisikia mtu anaguna kule. Wakili alipoelewa, alisema jambo dogo hilo, ataomba thamani ya mti mmoja iongezwe.

"Sikusema nauuza."

"Basi mama unataka nini?"

"Nataka njia. Wafungue mlango kwenye waya wao, mwenye mti apite. Wakifungua, naweka kidole leo hii."

Watu walicheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha kumcheka mtoto aliyesema jambo la kikubwa. Kaka ndiye ambaye hakucheka.

"Shangazi, sisi huku tumechoka," alisema. "Mkono mtupu haulambwi. Watoto wanafukuzwa shule, wazee wanakufa mmoja mmoja. Si tuimalize tu hii maneno?"

Nyuma yake sauti ya mwanamke, aliyedhani haisikiki, ikasema: "Yeye ako kwa kiyoyozi huko, mbona atubanie sisi?"

Shangazi aliisikia. Akanipa simu. "Malizana nao," akasema. "Mimi nina tamthilia."

Nilimaliza nao, nikamfuata jikoni, na hapo hasira yangu ikamwagika. Nilimwambia mti wenyewe pengine ulishaanguka zamani. Nilimwambia yeye ana nyumba hapa, ana watoto na wajukuu, mimi nina kitanda na kabati lenye kufuli. "Unanizuilia nyumba ya mama yangu kwa ajili ya nazi," nikasema. Yeye alikuwa anachagua mchele. Alinyanyua punje moja akaitazama mwangani.

"Mchele huu una mawe," akasema.

Niliondoka bila kula. Katika ukoo wetu hilo ni tusi kubwa kuliko matusi yenyewe, na nilijua ninachofanya.

Jumapili kadhaa sikwenda Satwa. Nililala mchana, nikafua, nikatembea kwenye duka kubwa la karibu na hoteli nikitazama vitanda nisivyonunua. Simu ya Kaka ilikuwa inaingia kila siku, na kila siku nilimjibu kwamba naongea na Shangazi, naongea naye. Sikuwa naongea naye. Nilikuwa namkosa, na nilikuwa na hasira kwamba namkosa.

Kilichonirudisha ni mitende. Asubuhi moja nilikuwa chumba cha ghorofa ya juu nikikagua mashuka, nikaona lori likiingia uwanja wa mbele wa hoteli na mitende mikubwa imelazwa juu yake, mizizi imeviringishwa magunia, makuti yamefungwa kwa kamba. Winchi ikaisimamisha mmoja mmoja kwenye mashimo, vijana wakashindilia mchanga, wakaunganisha mipira ya maji. Nilipotoka zamu ilikuwa imesimama pale kana kwamba ilizaliwa pale, na mgeni mmoja alikuwa anapiga picha. Jambo kama lile hulioni bila kutaka kumsimulia mtu. Na mtu mwenyewe alikuwa mmoja tu.

Nikampigia. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

"Mikubwa namna hiyo?" akasema. "Na mwenyewe iliyotolewa kwake ameridhika?"

"Sijui, Shangazi. Wamenunua."

"Lakini wamenunua wakaichukua. Hao ndio wanunuzi. Mwenye kununua mti huuchukua." Akacheka sana, mpaka akakohoa. "Njoo Jumapili. Nina neno nawe."

Jumapili hiyo nilipanda zile ngazi taratibu, nimeshika ukuta, kwa kuwa wiki ilikuwa ya wageni wengi. Nilipoingia nilimkuta yule fundi wa chini amekaa ukingoni mwa kochi, utepe wa kupimia bado uko shingoni, amenyooka kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Kando yake alikaa mama wa Kiunguja wa mlango wa pili, ambaye familia yake iko Dubai tangu zamani kuliko hata Shangazi. Nilidhani ni suluhu ya ngazi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Kaa hapo mbele yangu." Akawageukia wale wawili. "Nyinyi ni mashahidi. Mnazi wangu ulio kwetu, kusini ya kisima, nimempa hiba huyu mtoto wa kaka yangu. Si urithi. Ni hiba, nikiwa hai na akili zangu timamu." Akayarudia hayo kwa fundi kwa Kiarabu chake cha sokoni kilichochanganyika na Kiurdu, akionyesha kwa mkono urefu wa mti. Kisha akanitazama. "Kubali."

Hiba ni zawadi anayotoa mtu angali hai, na kwetu haitimii mpaka mpewa atamke kwamba ameikubali. Nilijua hivyo. Lakini nilikubali kama unavyopokea sahani unayosogezewa na mtu mzima, bila kufikiri.

"Nimekubali," nikasema.

"Hongera, mwanangu," alisema yule mama wa Kiunguja, akinicheka kwa macho. "Ila mti uko Kenya na wewe uko Barsha. Hayo madafu utayanywa lini?"

Fundi naye alinipongeza, akanywa kahawa yake mara moja na kurudi kwenye cherehani. Niliona ni faraja ya mtu mzima tu, kitu cha kumtuliza moyo, nikashukuru kwamba imemgharimu vikombe vitatu tu vya kahawa.

"Khalas," Shangazi akasema tulipobaki wawili. "Wiki hii chukua ruhusa, unipeleke nikaweke kidole."

Sikuamini. Nikamwuliza vipi tena.

"Nimekusikia ngazini," akasema. "Unapanda kama mimi. Mtoto wa kaka yangu hawezi kupanda kama mimi." Alikuwa anakusanya vikombe, hanitazami. "Na mama yako ana haki ya choo cha ndani. Haya, inuka tukale. Safari hii unakula."

Nilikula mpaka nikaona aibu. Nilirudi Al Barsha nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa miaka, nikampigia mama yangu nikamwambia aanze kumwulizia fundi wa paa.

Ofisi ya kuthibitishia sahihi ilikuwa Karama, juu ya duka la kutengeneza simu. Karani alikuwa mtu wa tai, mwenye haraka, aliyeita kila mwanamke madam. Alitusogezea karatasi na kidau cha wino, lakini Shangazi hakunyoosha mkono.

"Kwanza nisomewe," akasema. "Yote."

Karani akaangalia saa. Nikaanza kusoma, nikitafsiri polepole. Kwenye simu nilikuwa nimempa muhtasari tu; kusoma neno kwa neno, kwa sauti, mbele ya mtoto wa mtu anayesemwa, ni kazi nyingine. Nilipofika kwenye jina la Babu na maneno kwamba alikuwa amekaa kwenye ardhi isiyo yake, nilisita.

"Endelea," Shangazi akasema.

Nikaendelea. Ardhi, jengo, kaburi, mti. Alinisikiliza ameinamisha kichwa kidogo, kama anavyosikiliza khutba. Nilipomaliza alichovya dole gumba, akalikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu, akalifuta kwa leso yake nyeupe na hakujali kwamba imeharibika. Ameandikisha kwamba baba yake ni mvamizi, na ameandikisha kwa ajili ya magoti yangu.

"Na wewe, madam," karani akasema, akanipa kalamu.

Niliishika. Nilikuwa nimeshaandika herufi ya kwanza kichwani nilipoliona tena lile neno la mwisho katika orodha. Mti. Mnazi mmoja tu kwenye shamba lile haujawahi kuuzwa na mtu yeyote, na kwa mashahidi wawili mnazi huo ulikuwa wangu. Kidole cha Shangazi hakikuuza chochote kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mkononi mwangu.

"Shangazi," nikasema, "umenifanyia makusudi."

"Nimekupa mali," akajibu, macho yakiwa kwenye kiyoyozi. "Mali ina mwenyewe. Ukiuza umeuza chako. Wallahi sitakununia."

Na alisema kweli. Hilo ndilo lililoniumiza. Angeninunia ningetia sahihi kwa ubishi tu, ndivyo nilivyo. Nilifikiria linta, na mvua zinazozilowesha kuta zisizo na paa. Nilimfikiria mama akishikilia ukuta wa choo cha uani. Kisha nikamfikiria Babu akipanga nazi za watu kando ya njia, nazi juu ya nazi. Yeye aliweka dole gumba bila kujua wanachonunua. Mimi nilikuwa najua kusoma.

Niliirudisha kalamu mezani.

"Kuna tatizo, madam?"

"Hakuna," nikasema. "Siuzi."

Tulipanda teksi kurudi Satwa. Naweza kukiri kwamba kuirudisha kalamu haikuwa ushujaa, nilikuwa naogopa. Nilijua jioni Kaka atanitoa kwenye kundi la ukoo, na akanitoa kweli. Nilijua wapo watakaoapa kutokuja kunizika. Lakini nilikuwa namwogopa mtu mmoja zaidi ya hao wote. Tulipofika Satwa nilimwacha Shangazi apande, nikakaa kwenye zile ngazi wanazozigombania, nikampigia mama yangu.

"Nimempata fundi wa paa," akasema kabla sijasalimu.

"Mama, sijatia sahihi."

Nilisikia kuku wa ndugu yangu, na mtu anayetwanga mbali. Nikamweleza yote bila kupumua: hiba, mashahidi, kalamu.

"Mnazi wa kusini ya kisima," akasema.

"Unaujua wewe? Si ulikuta kumeshawekwa waya?"

"Baba yako alinipitisha chini ya ule waya tulipooana. Nguo yangu ya harusini ilichanika. Alitaka nione kwao. Jua kali, nina kiu, na madafu yananing'inia juu ya kichwa changu. Nikamwambia niangulie moja. Akasema huu ni wa dada, na dada mwenyewe hayupo. Tukarudi na kiu yetu." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Sasa mwenyewe ni wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi siku utakayofunguliwa njia utaniangulia. Mimi nitangoja." Nilimsikia akivuta pumzi. "Nenda kafanye kazi, mwanangu. Bado naweza kuchuchumaa."

Nililia pale ngazini kwa sauti, sikujali nani anapita. Fundi alitoka dukani kuja kunifukuza, kama anavyomfukuza kila anayekaa hapo, akaniona, akarudi ndani akaniletea kiti.